NANI ANATULETEA HABARI? Vyombo vya habari katika zama za simu

Mada ya vyombo vya habari unaweza kukutana nayo katika sehemu mbili za mtihani wa Kiswahili: katika utungaji, ukitakiwa kuandika insha ya hoja, na katika matumizi ya lugha, ukiulizwa kuhusu rejesta. Watahiniwa wengi wakiona maneno “vyombo vya habari” kwenye swali, kalamu zao huandika zenyewe: huelimisha, huburudisha, huonya, huunganisha jamii. Hayo yote ni kweli, lakini yalikuwa kweli hata mwaka 1961. Kama swali linahusu mabadiliko, jibu hilo halijaligusa swali.

Anza na kazi, usianze na vifaa. Ukianza na vifaa utaandika “zamani kulikuwa na redio, siku hizi kuna simu”, kisha utaishiwa cha kusema kabla ya aya ya tatu. Badala yake jiulize: ili habari ikufikie, ni kazi gani lazima zifanywe, na nani huzifanya? Kazi ni nne. Kuna kukusanya habari, yaani kufika pale jambo lilipotokea au kuzungumza na waliolishuhudia. Kuna kuhakiki, yaani kuhakikisha kwamba lililosemwa ni kweli kabla halijatoka. Kuna kusambaza. Na kuna kuitikia, kwa maana kwamba anayepokea habari naye hujibu, huuliza au husahihisha. Zikariri kazi hizi nne, kwa sababu sura yote hii inazifuata, na tutazifuata katika mkoa mmoja tu, Katavi, ili usibaki hewani.

Habari zilipotoka upande mmoja

Katavi ni mkoa mpya. Ulianzishwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Lakini mji wa Mpanda ni wa zamani kuliko mkoa wake. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifikishwa pale wakati wa ukoloni kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na kwa miaka mingi treni hiyo ndiyo iliyoleta watu, barua na mizigo kutoka Tabora. Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilometa 1,000. Gazeti lililochapishwa Dar es Salaam lilifika likiwa limechakaa kwa safari, na habari za ukurasa wa mbele zilikuwa zimekwisha kusikika redioni.

Redio ndiyo iliyokuwa chombo hasa. Ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na warithi wake leo ni TBC Taifa. Waulize wazee wa nyumbani kwenu kuhusu matangazo ya vifo. Mtu akifariki Mpanda na nduguze wako Tanga, tangazo lilipelekwa redioni na kusomwa kwa sauti ya taratibu, jina baada ya jina, na aliyekuwa anapika aliacha kupika asikilize. Habari ya msiba wa nyumba moja ilipita kwanza Dar es Salaam ndipo ikarudi kwa wenyewe.

Sasa zigawe zile kazi nne. Kukusanya kulifanywa na mwandishi au mwakilishi wa chombo mkoani. Kuhakiki kulifanywa na mhariri, aliyekaa makao makuu. Kusambaza kulikuwa kwa mtambo wa redio, mtambo wa kuchapia na treni. Kuitikia kulikuwa kwa barua kwa mhariri na kadi za salamu. Kila kazi ilikuwa na mwenyewe, na aliyekuwa na nguvu kuliko wote ni mhariri. Wataalamu wa habari humwita mlinda lango: habari aliyoifungulia ilipita, na aliyoifungia iliishia mezani kwake.

Hapa ndipo mtahiniwa mzuri anapotofautiana na wa kawaida, maana wa kawaida husifu zamani au huiponda. Lango lile lilikuwa na faida na hasara kwa pamoja. Lilizuia uzushi, kwa kuwa mhariri alijua akitangaza uongo atawajibishwa. Lakini lilizuia pia Mpanda. Mambo ya Karema, Inyonga au Usevya yalipita langoni hasa pale kiongozi alipotembelea au maafa yalipotokea. Bei ya mpunga, mwalimu aliyekosa nyumba na kisima kilichokauka si habari kwa mtu aliyekaa Dar es Salaam, ila kwa mkazi wa Mwamkulu hakuna habari kubwa kuliko hizo.

Lango lasogea karibu

Mwaka 1993 ilitungwa sheria iliyoruhusu watu binafsi kuanzisha vituo vya utangazaji. Radio One na ITV zilianza mwaka 1994, na nyingine zikafuata. Mabadiliko hayo husemwa katika kila kitabu. Yasiyosemwa sana ni yaliyokuja baadaye mikoani, yaani redio jamii. Mpanda ina kituo chake, Mpanda FM, kilichomo katika TADIO, mtandao unaounganisha redio jamii za sehemu mbalimbali nchini. Angalia maana ya neno mtandao hapa, usilichanganye na intaneti peke yake. Redio iliyo katika mtandao wa namna hii huweza kuweka habari zake mahali pamoja na za wenzake, na msikilizaji wa mkoa mwingine akazipata bila habari hiyo kupita kwanza katika meza ya gazeti la Dar es Salaam.

Redio jamii ilibadili kazi mbili kati ya nne. Mhariri sasa anaishi mji uleule na wasikilizaji wake, hukutana nao sokoni na msibani, na akikosea huambiwa siku hiyohiyo. Kuitikia nako kukawa kwa papo kwa papo: msikilizaji hupiga simu kipindi kikiendelea, huuliza kuhusu maji, na mgeni aliye studioni analazimika kujibu watu wote wakisikia.

Kuna na suala la lugha, ambalo wewe mwanafunzi wa Kiswahili usiliache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 mkoani Katavi. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Idadi imeongezeka maradufu katika miaka kumi! Wapimbwe, Wabende na Wakonongo sasa wanaishi pamoja na Wafipa, Wasukuma, Waha, na pia maelfu ya raia wapya waliotoka Burundi na kukaa kwa miongo kadhaa katika makazi ya Katumba na Mishamo. Mkoa wa watu wa asili nyingi namna hiyo unahitaji lugha moja ya kupashana habari, na redio inayosikika kila siku kwa Kiswahili ni mwalimu asiyelipwa ada. Hoja hii unaweza kuitumia hata katika swali la kukua na kuenea kwa Kiswahili.

Simu na kazi iliyokosa mwenyewe

Sasa tuje kwenye simu. Soma mifano mitatu ifuatayo. Tukio ni la kutunga: mvua imeharibu kivuko katika barabara ya Mpanda kwenda Karema.

(a) Ujumbe katika kundi sogozi: “Jamani daraja la njia ya Karema limeenda na maji na basi lote limesombwa!!! Watu kibao wamekufa. Sambazeni fasta ndugu zetu wasipite.”

(b) Taarifa ya habari redioni: “Wasafiri wanaotumia barabara ya Mpanda kuelekea Karema wamekwama tangu alfajiri ya leo, baada ya kivuko kuharibiwa na mvua zilizonyesha usiku wa kuamkia leo. Hakuna taarifa ya mtu aliyejeruhiwa hadi sasa.”

(c) Gazeti siku inayofuata: “Mvua yakata mawasiliano Karema”.

Ukiulizwa kuhusu rejesta, unayo majibu tayari. Ujumbe (a) una simo (“fasta”, “kibao”), alama za mshangao zisizo na idadi, na amri mwishoni. Taarifa (b) ina sentensi ndefu zilizopangwa, hutaja wakati, hutumia kauli ya kutendwa (“kuharibiwa”), na haisemi zaidi ya kinachojulikana. Kichwa cha habari (c) ni kifupi, kina kitenzi chenye kiambishi cha njeo -a- (“yakata”), na kimemfanya mtenda awe mvua. Watahiniwa wengi huishia hapo. Wewe endelea kidogo, uulize nani kafanya kazi gani.

Aliyeandika (a) huenda ni dereva wa bodaboda aliyekuwa wa kwanza kufika. Amekusanya na amesambaza, tena kwa dakika chache, na hilo hakuna mwandishi wa makao makuu angeliweza. Tena nia yake ni njema, anataka kuwaokoa wenzake. Lakini kazi ya pili, kuhakiki, hakuifanya mtu. Basi limetoka wapi? Pengine aliliona limesimama ng’ambo ya maji, akatumia neno “limesimama”, na mtu wa tatu aliyesambaza akaandika “limesombwa”. Mama aliye Mpanda ambaye mwanawe kapanda basi asubuhi ataupokea ujumbe huo kabla ya taarifa ya redio, na hakuna taarifa itakayomrudishia saa zile alizokaa akilia.

Hili ndilo jambo kuu la mada hii, liandike kwa maneno yako mwenyewe: simu imeziweka kazi zote nne katika mkono mmoja, na kati ya hizo, kuhakiki ndiko kulikokosa mwenyewe. Mlinda lango hayupo tena mlangoni kwa sababu ukuta wenyewe umeondoka. Anayeamua ujumbe uendelee au ukome ni kila mwenye simu, akiwamo mwanafunzi wa bweni aliyepokea simu ya mwenzake kwa dakika tano.

Mwandishi wa habari naye amebadilika, na hili mara nyingi husahauliwa kwenye insha. Zamani alikwenda na daftari, mpiga picha akamfuata. Leo mwakilishi wa mkoani hupiga picha, hurekodi sauti, huandika, huweka mtandaoni, na akirudi nyumbani hujibu maoni ya wasomaji. Wengi wa wawakilishi hulipwa kwa habari moja moja, hawana mshahara wa mwezi. Matangazo ya biashara yaliyokuwa yakiyalipa magazeti yamehamia kwa sehemu kubwa kwenye mitandao ya kijamii, na mauzo ya nakala yamepungua kwa kuwa watu husoma vichwa vya habari bure simuni. Kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi kwa habari za mikoa kama Katavi ipo hapa, zaidi hata ya uzushi. Uzushi unaweza kukanushwa. Lakini kama hakuna anayelipwa nauli ya kwenda Inyonga, hakuna habari ya Inyonga, ya kweli wala ya uongo, na hakuna atakayegundua kwamba imekosekana.

Ujumbe unaokuhusu wewe

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba. Usiku kabla ya somo fulani unaweza kupokea ujumbe kama huu: “Wadau, pepa la Hesabu la kesho limevuja, hizi hapa kurasa mbili za mwanzo. Limetoka kwa mtu wa ndani kabisa. Kurasa zilizobaki elfu kumi tu, njoo inboksi. Sambaza kabla halijafutwa.”

Usome kama mwanafunzi wa rejesta. Chanzo ni nani? “Mtu wa ndani”, yaani hakuna jina. Tarehe ipo? Hakuna, “kesho” inaweza kuwa ya mwaka wowote, na ujumbe wa namna hii huzungushwa mwaka hadi mwaka. Unakutaka ufanye nini? Ulipe, na uharakishe. Maneno ya haraka kama “kabla halijafutwa” yamewekwa makusudi ili usipate nafasi ya kufikiri. Na ajabu yake ni hii: aliye na siri kweli haombi isambazwe. Kuhakiki hapa ni rahisi, kwani Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa ratiba na matangazo yake kwa njia zake rasmi na kupitia shule, na mkuu wa shule yako anazijua.

Ukilipa, unaweza kupoteza mambo matatu kwa wakati mmoja: fedha, usiku wa kujisomea, na hata mtihani wenyewe, kwa kuwa udanganyifu unaweza kukufutia matokeo yote. Ukisambaza bila kulipa, umewatia wenzako katika shimo hilohilo. Kuwa msambazaji ni kuwa sehemu ya chombo cha habari, upende usipende.

Katika vijiji vya magharibi mwa nchi, uvumi wa namna hii una madhara makubwa kuliko mtihani. Ramli chonganishi, yaani ramli inayomtaja jirani au bibi kizee kuwa mchawi, imesababisha watu kupigwa, kufukuzwa makwao na hata kuuawa. Zamani uvumi huo ulitembea kwa miguu, na mzee wa busara aliweza kuuzima kabla haujavuka mto. Simuni hauna mto wa kuvuka.

Anayesema huwajibika

Mfano wa mbali kidogo utaipa insha yako uzito. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, redio ya RTLM mjini Kigali ilichochea watu kuua jirani zao. Kesi ya waliohusika na vyombo hivyo ilisikilizwa hapa nchini kwetu, Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Desemba 2003 mahakama iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, walioianzisha redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya mashtaka na kupunguza adhabu, lakini haikuwaachia huru. Kiini cha kesi hiyo hakikuwa kushika panga, bali maneno yaliyorushwa na kuchapwa.

Kwa upande wa Tanzania, ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Sambamba na haki hiyo kuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilifanya kuchapisha taarifa za uongo kuwa kosa, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2016 zikaja Sheria ya Huduma za Habari na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Mwaka 2018 zikatolewa kanuni za maudhui mtandaoni zilizowataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kupata leseni, na ada zake zililalamikiwa sana kabla ya kupunguzwa baadaye.

Usiziandike sheria hizi kama mapambo. Zina mjadala, na insha ya hoja huishi kwa mjadala. Wanaozitetea husema anayejifanya mwandishi lazima abebe mzigo wa mwandishi. Wanaozipinga husema sheria pana mno humtisha hata msema kweli, na Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua mwezi Machi 2019 kwamba baadhi ya vifungu vya ile Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likaifanyia marekebisho. Chagua upande, lakini upe upande wa pili sentensi mbili za haki.

Namna ya kuanza insha

Linganisha mianzo hii miwili. Wa kwanza: “Vyombo vya habari ni vyombo vinavyotoa habari. Vyombo hivi vina faida na hasara nyingi katika jamii yetu.” Wa pili: “Zamani mkazi wa Mpanda alisubiri habari kutoka Dar es Salaam. Leo habari ya Mpanda inaweza kufika Dar es Salaam kabla hajamaliza kunywa chai, lakini hakuna anayejua kama ni ya kweli.”

Wa kwanza hauna kosa la sarufi na hauna uhai. Wa pili umetaja mahali, umetaja badiliko, na umefungua tatizo ambalo aya zinazofuata zitalishughulikia. Kama wewe si wa Katavi, weka mji wako: Namtumbo, Kibondo, Mkokotoni. Msahihishaji anayesoma insha kwa mamia huinua kichwa anapokutana na mahali halisi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa mifano kazi nne za upashanaji habari, na uoneshe ni kazi ipi imeathiriwa zaidi na matumizi ya simu.

2. Geuza ujumbe (a) uliotajwa katika sura hii uwe taarifa ya habari ya redioni isiyozidi maneno 60. Usiongeze jambo ambalo ujumbe haujalithibitisha.

3. Bainisha tofauti nne za rejesta kati ya ujumbe wa kundi sogozi na habari ya gazetini, ukitumia mifano yako mwenyewe.

4. “Redio jamii imempa mwananchi wa kijijini sauti kuliko mtandao wa kijamii.” Andika insha ya hoja ukiunga mkono au ukipinga kauli hii.

5. Mfikie mtu mzima mmoja nyumbani kwenu aliyekuwa akisikiliza matangazo ya vifo redioni. Mwulize yalisomwaje na watu waliyapokeaje, kisha andika aya moja kwa maneno yake, na aya ya pili ukilinganisha na namna familia yenu ilivyopata habari ya msiba wa karibuni.